Mluzi Ndani ya Toyota

Jumatatu, tarehe 10 mwezi wa tatu, 2003

Butembo, mtaa wa Kimemi. Ukungu mpaka saa nne, halafu jua.

Leo Toyota yangu imekuwa gari ya matangazo. Bafle mbili, spika kubwa, juu ya paa, ampli ya kukuza sauti chini ya kiti cha abiria, mikro ya kusemea mkononi. Ampli nimeitoa kwenye baa ya shemeji yangu, ambayo haifanyi kazi tena tangu askari wanywe kila kitu kilichokuwemo. Nimefunga nyaya zote mwenyewe. Fundi wa nini? Nina macho na nina koleo.

Sababu ya haya yote ni Lusenge. Huyu mtu wa Bulengera ana kamyoneti yenye bafle, na mji mzima unamjua kwa sauti. Mtu akifa, Lusenge anatangaza. Timu ikicheza, Lusenge. Hata mke wangu Kavira akisikia ile kamyoneti inapita, anaacha sufuria na kutoka nje. Sauti yangu ni nzuri kuliko yake. Niliimba kwaya, wakanitoa kwa wivu.

Basi masista wa parokia wanatafuta gari. Tangu vita viwake tena kusini, upande wa Kayna, watu wanafika kwa barabara kubwa na magodoro kichwani, na wengine wamepotezana na watoto wao njiani. Watoto hao wako kwa masista. Anayewalea ni Sista Émérance, mtu wa Kasai, hajui Kinande na haogopi mtu yeyote. Nilifika kwake kabla ya Lusenge. Nikamwambia sauti ya gari yangu ni safi kama kengele ya kanisa.

Akanionyesha mtoto mmoja, Bénie. Labda miaka mitano. Amevaa sweta ya mtu mzima, mikono imekunjwa mpaka imekuwa kama maandazi. Anajua mambo mawili tu: anatoka Kayna, na bibi yake anaitwa Koko Kyakimwa. Anakula kidogo sana. Anakaa mlangoni kutazama barabara. Nikaahidi kwamba kesho jioni huyo bibi atakuwa hapa.

Jioni nikawasha gari nijaribu. Bafle zikapiga mluzi. Nikikanyaga mafuta, mluzi unapanda. Nikiachia, unashuka. Kama mbu aliyemeza redio. Nimezima. Ni baridi tu. Kesho itakuwa imepona.

Jumanne, tarehe 11

Haikupona.

Nilitangaza hivyo hivyo, kwa nguvu zaidi ili nishinde mluzi. Nilisema: Bénie wa Kayna yuko kwa masista, ndugu zake waje kumchukua. Nilizunguka Kimemi yote. Nilijisikia vizuri. Watu walitoka nje wakanipungia mkono, wengine wakakimbia kabisa kuelekea kwa masista. Nikajiambia, huyu mtoto ana ndugu wengi kweli.

Nilipofika huko nikakuta umati mlangoni. Mama wenye masahani. Watoto wenye mabeseni. Mzee mmoja na gunia. Kumbe kwa ule mluzi, Kimemi haikusikia Bénie. Ilisikia beignets, yale maandazi ya mafuta. Beignets ziko kwa masista, waje kuzichukua.

Sista Émérance alikuwa kwenye ngazi, mikono kiunoni.

“Papa Kakule, uliambia batu nini? Beko banaomba mikate ya mafuta. Miye niko na mutoto, hapana mikate.”

Nikaeleza kwamba ni shida ndogo ya hewa. Akaniambia nirekebishe hewa yangu au yeye atamwita Lusenge.

Jambo moja sikulipenda. Bénie alipoona watu wengi vile, alitoka mbio. Akapita katikati ya mabeseni akiangalia sura moja moja. Alipomaliza, akarudi mlangoni akakaa. Hakulia. Ningependa angelia.

Alhamisi, tarehe 13

Jana nilifanya utafiti. Nilikusanya karatasi zinazong’aa za ndani ya pakiti za sigara, nikafunika nyaya zote kama samaki wa kuchoma. Mluzi ukabaki, sasa una mwangwi. Nikabadilisha upande wa bafle, zitazame nyuma. Mluzi ukatazama nyuma.

Leo nimegundua siri. Injini ikiwa imezimwa, mluzi haupo. Kabisa. Sauti yangu inatoka nzuri, tamu, mpaka kuku wa jirani walisimama kusikiliza. Kwa hiyo shida si ampli, si bafle, si mimi. Shida ni injini. Na Butembo ni mji wa vilima. Nani ameandika kwamba matangazo lazima yafanywe kwa kupanda?

Nikapandisha gari mpaka juu, nikazima injini, nikaachia breki. Gari ikateremka yenyewe, kimya. Nikashika mikro. Ilikuwa kazi nzuri sana kwa nyumba za kwanza. Halafu mwendo ukazidi. Nyumba moja ilipata Bénie, ya pili ikapata wa Kayna, ya tatu ikapata yuko kwa. Masista sikumbuki nani aliwapata. Nikakanyaga breki, na breki, injini ikiwa imezimwa, ni ngumu kama jiwe. Nikatangaza kwa mikro kwamba watu watoke njiani. Tangazo hilo lilisikika vizuri, nashukuru, kila mtu alitoka.

Gari ilisimama ndani ya mboga za mama mmoja muuza poireaux, vile vitunguu vya majani marefu, pembeni ya soko. Hakuna aliyeumia. Yule mama alinieleza asili yangu yote mpaka babu, kwa Kinande, na mikro ilikuwa bado imewaka.

Kavira alilisikia tangazo hilo akiwa mezani pake pa unga, upande wa pili wa soko. Alisema ndiyo mara ya kwanza ameelewa kila neno.

Ijumaa, tarehe 14

Tunakula poireaux, zile nilizozikanyaga na kulipishwa. Tutaendelea kula poireaux.

Kavira amerudi sokoni na habari. Lusenge alisimama mezani pake kununua unga, akacheka kwanza kuhusu kilima, halafu akamtuma na ujumbe kwangu. Nilimuuliza alisema nini hasa.

“Alisema, ambia Papa Jean-de-Dieu shida yake ni messe. Aangalie messe kwanza, mengine aache.”

Jean-de-Dieu ni mtoto wetu wa kwanza, ndiyo maana ananiita hivyo. Nikamuuliza kama ana hakika. Messe, misa, ile ya kanisani? Akasema kulikuwa na kelele za mashine ya kusaga, lakini ndivyo alivyosikia, na yeye ana unga wa kuuza, si kazi yake kubeba maneno ya waume.

Nilifikiri sana. Kwanza niliona ni mtego. Kwa nini Lusenge anisaidie? Halafu nikaelewa. Gari ya Lusenge haina mluzi. Lusenge anakaa kiti cha mbele kila Jumapili. Mimi tangu Noeli sijaingia kanisani kwa sababu ya goti. Kila kitu kinaelezeka.

Nimekwenda kwa katekista, nikaandikisha nia ya misa ya Jumapili. Aliniuliza ni marehemu au mgonjwa. Nikasema ni katikati. Akaniuliza jina. Nikasema Toyota. Akaandika bila kuinua kichwa.

Jumapili, tarehe 16

Jumapili ya Kwaresima. Kanisa limejaa, wakimbizi mpaka nje.

Nilikaa mbele. Goti halikuuma, nayo ni dalili njema. Wakati wa maombi, padri akasoma nia. Akawaombea waliokufa barabarani. Akaomba amani. Halafu akasema kwa sauti ya huruma: “Tumuombee pia Toyota, wa jamaa ya Kakule Zorobabel, apumzike.” Kanisa zima likaitika.

Nilipotoka, watu walinishika mkono. Mmoja akasema alimfahamu, alikuwa mtu mpole. Nilisema asante.

Mchana nyumba ikajaa. Majirani walileta makala ya kupikia, ndizi, mama mmoja akaanza kulia getini. Kavira alitoka jikoni akauliza nani amekufa. Wakamwambia Toyota. Halafu akawaalika wote wakae, akawapa poireaux, akawaambia marehemu amelala pale nje chini ya turubai, wanaweza kumwona.

Hawakukasirika sana. Mmoja alicheka mpaka akaomba maji. Watu walikuwa hawajacheka hivyo tangu habari za kusini zianze. Lakini ndizi walirudi nazo.

Jioni niliwasha injini. Mluzi upo. Nadhani umepungua. Kavira anasema umeongezeka.

Jumanne, tarehe 18

Nilikuwa nimeamua kuacha. Nilikuwa tayari juu ya paa nafungua bafle. Sista Émérance akaingia uani kwa miguu, viatu vimejaa udongo.

Alisema amempata shofere wa lori aliyetoka kusini. Huyo shofere alibeba kikongwe wa Kayna anayeitwa Kyakimwa, aliyekuwa akimuuliza kila mtu njiani kuhusu mtoto wa kike mwenye sweta kubwa. Alimshusha mjini Beni, kaskazini. Beni wapi, hajui. Kikongwe alisema ana ndugu huko, karibu na soko.

Sista alikuwa ameshapita kwa Lusenge. Kamyoneti ya Lusenge imechukuliwa na askari kubeba magunia yao, itarudi wakipenda. Basi akaja kwangu. Hakuficha kwamba mimi ni wa pili. Nikamuuliza, na mluzi?

Alikaa kwenye mawe ya jikoni. Akasema Bénie tangu juzi hagusi chakula kabisa. Amemaliza kutazama barabara, sasa anatazama ukuta.

“Papa Kakule, hata kama gari yako iko inapiga kelele kama mbuzi, tutaenda nayo. Tutashuka, tutaita na kinywa.”

Nikafunga bafle tena. Kavira akatuwekea viazi vya njiani. Amefunga kimoja peke yake, cha mtoto, amekimenya maganda.

Jumatano, tarehe 19

Naandika nikiwa nyumbani, Kimemi. Tumerudi. Nitaandika kwa utaratibu.

Tuliondoka asubuhi, Sista mbele, Bénie mapajani mwake. Barabara ya Beni ina mashimo, nilikwenda polepole. Nilikuwa nimewasha ampli ili kujaribu kama misa imeanza kufanya kazi. Mluzi ulikuwa mkubwa. Kwenye mlima mmoja nilikanyaga mafuta sana, ukapanda mpaka Bénie akaziba masikio.

Juu ya mlima kulikuwa na kizuizi cha askari, gogo katikati ya njia. Hatukuona askari hata mmoja. Nilizima gari. Ndipo wakaanza kutoka kwenye mfereji, mmoja mmoja, matope kifuani. Walikuwa wamesikia mluzi unakuja wakadhani ni ndege ya vita.

Mkubwa wao aliitwa Jephté, si mtu wa huku, Kiswahili chake kina Lingala nyingi.

“Vieux, unaita avion, ao? Toka.”

Eti mzee naita ndege. Nikatoka. Mikono juu. Nilieleza kuhusu bafle. Jephté akasema anataka kuona hiyo mashine. Akainamisha kichwa chini ya kiti, akaiona ampli, akaona na waya mweusi mrefu niliokuwa nimeupitisha mpaka nyuma ya gari na kuufunga kwenye bolti ya kiti cha nyuma. Waya wa masse, ule unaounganisha ampli na bati la gari. Niliuweka mrefu kwa sababu kitu kirefu ni bora. Jephté akatoa kisu. Alisema waya huo unafaa kwa antena ya redio yake. Akaukata.

Niliona safari imekwisha. Bila waya huo ampli haitoi kitu. Nilianza kumsihi. Nikataja misa. Nikataja poireaux. Sista Émérance alishuka, akamshusha Bénie, akamshika mkono, akasimama mbele ya Jephté na kuongea naye kwa Lingala. Hakupaza sauti. Sikuelewa yote, nilisikia mara nyingi neno mama. Jephté akamwangalia mtoto. Akamwangalia na sweta. Akavua kofia. Halafu akanirudishia kipande cha waya, kifupi kama kijiko, kingine akabaki nacho. Nadhani hakutaka askari wake waone ameshindwa kabisa.

Kipande hakikuweza kufika nyuma. Hakikufika popote. Nilikifunga mahali pa karibu tu, hapo hapo sakafuni, kwenye skrubu chini ya miguu ya abiria, ambapo vikapu vya mama wa soko vimekwangua rangi mpaka bati linang’aa. Nilikaza kwa hasira. Nikawasha injini.

Kimya.

Nikafikiri bafle zimekufa. Nikakanyaga mafuta. Kimya. Sista akagonga mikro kwa kidole, na mlima wote ukasikia, tok, tok. Askari mmoja akarudi kwenye mfereji.

“Papa Kakule,” Sista akasema, na sauti yake ikatoka juu ya paa, safi, kila neno, “iko inaongea.”

Nilitikisa kichwa kama mtu aliyejua.

Tuliingia Beni mchana, joto na vumbi jekundu. Tukaenda soko la Kilokwa. Nilisimamisha gari katikati, injini ikinguruma, bafle kimya zikisubiri. Nilishika mikro. Nilianza kwa salamu, nikajitambulisha, jina langu, Kimemi, matangazo ya harusi, misiba, michezo, bei ni ya kuelewana. Sista akaninyang’anya mikro katikati ya neno. Akampa Bénie.

Bénie aliipokea. Aliishika kwa mikono yote miwili. Soko zima lilisikia anavyopumua. Wauza samaki waligeuka. Mashine ya kusaga ilisimama, sijui kama ni kwa ajili yetu. Halafu akasema, polepole, kama anaongea na mtu aliyeko chumba cha pili:

“Koko. Ni miye. Niko mu gari.”

Akangoja. Akasema tena.

Upande wa wanawake wanaotwanga sombe, majani ya mihogo, mchi mmoja uliacha kupiga. Nilimwona anakuja. Mdogo, mwembamba, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna, mchi bado mkononi, majani ya sombe mpaka viwikoni. Hakukimbia vizuri, watu walimfungulia njia. Bénie aliachia mikro, ikaanguka sakafuni na bafle zikalia pum juu ya soko lote, na hakuna aliyejali.

Koko Kyakimwa alimshika masikio, meno, magoti, kama mtu anayehakikisha hakuna kilichopungua. Hakulia. Alimuuliza tu:

“Ulikula?”

Bénie akasema hapana. Sista akatoa kile kiazi cha Kavira. Alikila chote, amekaa juu ya mchi uliolazwa chini, na akaomba kingine.

Kikongwe alitushukuru. Wasingya kwa Sista, wasingya kwangu. Akaishukuru na gari, akaipiga mkono kwenye mlango kama anayempapasa ng’ombe. Mimi niliingiwa na vumbi machoni. Vumbi la Beni ni baya sana, linajulikana.

Tuliwaacha kwa ndugu zao nyuma ya soko, kwenye nyumba yenye mlango na kufuli. Njiani kurudi Sista Émérance alilala, kinywa wazi, kichwa kinagonga kioo. Kavira aliposikia yote alikaa chini akaweka mikono usoni. Halafu akaniuliza kama nimekula. Nikasema sijala. Kulikuwa na poireaux. Zilikuwa tamu.

Ijumaa, tarehe 21

Kimemi inaniita Papa Bafle. Jana nimepata kazi ya kutangaza msiba mmoja na mechi moja. Sista amenipa watoto wengine wawili wa kutangaza, na mmoja mama yake alifika kabla sijafika kona ya pili. Nilikuwa sijalala vizuri kwa siku nyingi. Jana nililala mpaka jogoo akachoka.

Leo Lusenge amefika kwangu kwa miguu. Kamyoneti bado iko kwa askari. Nilitegemea wivu. Hakuwa nao, na hilo limeniudhi kidogo. Aliomba aone. Alipiga magoti, akaangalia chini ya kiti, akaangalia bolti ya zamani kule nyuma, akaikwangua kwa ukucha. Rangi na kutu tupu.

“Kakule, niliambia mama masse. Masse ya ampli. Hapana messe.”

Akaeleza kwamba waya huo ukifungwa juu ya rangi na kutu, na ukiwa mrefu vile, ampli inakosa njia nzuri ya kurudisha umeme, inameza kelele za alternateur, ile inayochaji betri, na bafle zinazitapika. Ukifungwa mfupi kwenye bati safi, kelele inakwisha. Kwamba yule askari amenifanyia kazi ya fundi. Kavira alikuwa mlangoni anasikiliza, akasema ameelewa. Lusenge akanishika bega akaniambia neno moja: usiuguse tena. Acha hivyo hivyo. Nikamwahidi mbele ya mke wangu. Nikampa na kasiksi, pombe ya ndizi, akanywa, akaenda zake. Si mtu mbaya.

Sasa nimekaa ndani ya gari, injini inawaka, nasikiliza. Kimya kizuri. Lakini nikiweka sikio karibu kabisa na bafle kuna kitu kidogo, sss, kama mtu anapumua kwenye nyumba ya jirani. Lusenge hakukisikia. Yeye hana sikio la kwaya.

Nimefikiri vizuri, bila haraka. Waya mrefu ulileta mluzi mkubwa. Waya mfupi umeleta sss ndogo tu. Bila waya, basi, hata sss haitakuwepo; kule kizuizini nilidhani ampli itanyamaza, lakini ilikuwa hofu tu. Jambo liko wazi kabisa, nashangaa Lusenge hakuliona. Msiba ni kesho saa tatu, familia kubwa, wenye duka wote watakuwepo. Bado nina wakati.

Nimeshika koleo. Nautoa wote.